Fundi Restuta na Tisa za Mwalimu Yahaya

Hapa mtaani kwetu Nkuhungu hatuna shida ya mafundi. Tuna wa simu, anayekurudishia simu yako nzima pamoja na skrubu mbili za ziada, zawadi ya dukani. Tuna wa pikipiki ambaye dawa yake ya kila ugonjwa ni teke. Tuna wa friji aliyewahi kulifanya friji la watu lichemshe, akawaambia wenyewe waliache siku tatu lizoee. Katika kundi hilo, aliyeaminika bila kuulizwa ni mwanamke wa miaka hamsini na minane, Restuta, Mgogo wa Haneti, mwenye miwani iliyoshikwa na waya wa shaba upande wa kushoto. Ukimpelekea redio hakuulizi ina tatizo gani. Anakuuliza, "Inasemaje?"

Masikio hayo aliyapata kwenye simu za reli. Miaka ishirini na miwili alitembea pembeni ya njia, Ihumwa na kwingineko, akisikiliza nyaya. Kazi yake ilikuwa kujua kama mlio fulani ni wa upepo, wa kutu au wa mtu anayepiga simu kuuliza treni iko wapi. Kazi ilipokwisha alirudi nyumbani na bisibisi zake. Hakuolewa tena baada ya mumewe kufariki, hakufuga kuku, hakuanzisha kikoba. Alijenga kompyuta.

Si ya kununua vipande na kuvipachika. Aliijenga waya kwa waya juu ya ubao wa plaiwudi, akili yake aisii, kile kidude cheusi cha ndani ya redio, moja ya zamani yenye miguu arobaini, skrini yake televisheni ndogo ya mgongo mrefu. Haikuwa na boksi. Ilikaa mezani imeachwa wazi kama mbuzi aliyechunwa, na wageni waliokuja kuchukua redio zao walisimama mbali kidogo, wasije wakalaumiwa.

Kefa, anayeshughulika na spika na vinasa vya kwaya kanisani kwao, alimcheka waziwazi.

"Mama, hii simu yangu ina kompyuta elfu moja kama hiyo ndani yake."

"Ifungue unionyeshe moja."

Kefa aliirudisha simu mfukoni.

"Basi," alisema Restuta. "Hii yangu naweza kuifuata kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ya kwako unaiombea tu."

Kompyuta za aina hiyo, zamani, zilihifadhi kazi zao kwenye kaseti, kaseti hizihizi za miziki. Maandishi yaligeuzwa mlio: mawimbi mafupi kwa hesabu moja, marefu kwa hesabu nyingine. Ukiicheza redioni unasikia kama senene wanakaangwa. Kuyarudisha yale maandishi kunataka mlango wa sauti, sakiti ndogo inayokaa kati ya redio kaseti na kompyuta. Mlango huo ndio uliokuwa fahari ya Restuta. Kapasita mbele, kuzuia umeme usiobadilika. Rizista mbili za kuliinua wimbi likae katikati. Halafu aisii ya miguu minane, aliyoing'oa kwenye pawasapulai iliyokufa, ya kuamua: hapa ni juu, hapa ni chini. Na rizista moja ya mwisho, inayorudi nyuma, ya kuipa hiyo aisii msimamo.

"Ni kama mlinzi wa geti," aliwaeleza waliouliza, na wasiouliza pia. "Mlinzi mjinga, upepo ukitikisa bati anafungua. Ukitulia anafunga. Mpaka asubuhi ameshafungua mara mia na hajaingia mtu. Mwenye akili akishafungua hafungi mpaka mtu avuke kabisa. Mimi najenga mlinzi mwenye akili."

Sifa za huyo mlinzi ndizo zilizomleta Asma, mwezi wa tatu mwaka jana. Asma ni Mrangi, anauza vitambaa sokoni, mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliingia kimya. Akakunjua kipande cha kanga, ndani yake kaseti moja isiyo na karatasi.

"Shikamoo fundi. Nimeambiwa wewe unaweza kuzisoma hizi."

"Marahaba. Ina nini?"

"Baba yangu."

Baba yake, Mwalimu Yahaya, alifundisha shule za msingi za Kondoa maisha yake yote. Mwishoni mwa miaka ya themanini, rafiki yake Hanif, mwenye duka pale mjini Kondoa, aliletewa na nduguze wa ng'ambo kompyuta ndogo ya kuchomeka kwenye televisheni. Hanif alicheza nayo wiki mbili akachoka. Mwalimu hakuchoka. Miaka minne, kila alasiri baada ya shule, alikaa nyuma ya duka la Hanif akiandika maneno ya Kirangi na maana zake kwa Kiswahili. Siyo yale ya kila siku tu. Aliwafuata vikongwe milimani, akauliza jina la kila mti, kila ugonjwa wa mbuzi, kila namna ya ukungu wa asubuhi. Daftari alizoandikia huko zililiwa na mchwa. Kompyuta ya Hanif ilikufa. Vikongwe wenyewe wamekufa wote. Ikabaki kaseti.

Na Mwalimu sasa alikuwa Nkuhungu, chumba cha mbele kwa bintiye, macho hayaoni tena, figo zimechoka. Hospitali walikuwa wamemwambia Asma, kwa upole, wakae naye nyumbani.

"Anauliza kitu kimoja tu," Asma alisema. "Maneno yapo au hayapo. Nikimpa uji anauliza. Nikimgeuza anauliza. Nataka nimjibu akiwa anasikia bado."

Restuta aliinua kaseti akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Mkanda ulikuwa umepauka, na pembeni ulikuwa unaacha unga wa kahawia.

"Huu unajifuta wenyewe," alisema. "Kila ukipita kwenye hedi, kile kichuma cha kuusoma, unaacha ngozi. Sitaupitisha ovyo."

Alisema hivyo mwenyewe, kwa kinywa chake. Tuliandike hilo.

Kwanza alifanya la busara: aliweka simu yake mbele ya spika akarekodi dakika moja ya mwisho wa mkanda, kuona kama angeweza kuufanyia kazi mlio wa kwenye simu na kuuacha mkanda ulale. Simu za siku hizi zimefundishwa adabu: zikisikia kelele zinaisafisha ili sauti ya mtu itoke vizuri. Hapa mtu hakuwepo, kelele ndiyo iliyokuwa mali. Simu ikaisafisha yote. Alichopata ni kitu kama mgonjwa anayekoroma.

Kefa aliposikia alijitolea. "Mama, nina kinasa cha kwaya. Chenyewe hakisafishi kitu, kinachukua kama kilivyo. Upitishe mara moja tu, halafu utacheza na nakala mpaka uzeeke."

"Nimeshazeeka. Na kinasa chako kilimfanya mchungaji asikike kama yuko ndani ya ndoo."

"Ile ilikuwa maiki, mama."

"Mlango wangu unasoma moja kwa moja. Asante, baba."

Kefa aliondoka akicheka. Hakuna aliyejua kwamba hapo ndipo jambo lilipoharibika.

Siku ya tatu, asubuhi, Restuta alisafisha hedi ya redio kaseti kwa spiriti, akachomeka waya, akaupitisha mkanda wote. Dakika kumi na tisa. Maandishi yakaanza kushuka kwenye televisheni, meupe juu ya weusi, kila mstari na namba yake: namba, neno la Kirangi, kistari, neno la Kiswahili. Mistari elfu moja mia mbili na nne. Alipaswa kupiga vigelegele. Badala yake alikunja uso.

Juu kabisa, kwenye kichwa cha orodha, paliandikwa K7LAANGI. Chini yake maneno mengi yalikuwa na saba na tisa zimechomekwa katikati kama mawe kwenye mchele. Alishuka mpaka herufi ya M akakuta M99NT9. Akashuka tena: NY99MBA.

"Mlinzi analala," alisema.

Kwa mtu wa simu za reli, hesabu ilikuwa wazi. Herufi ndani ya mashine ni namba tu. Wimbi moja likisomwa vibaya, herufi inageuka kitu kingine. Mlango ulikuwa unakosea. Na kwa kuwa memori ya mashine yake ilikuwa ndogo, na kwa kuwa haoni faida ya kutunza uchafu, aliifuta ile orodha ili ajaribu tena. Kabla ya kufuta, alichukua daftari lake, akaandika juu ya ukurasa neno MAKOSA, akanakili maneno thelathini na moja ya mwanzo mwanzo yenye namba ndani, ayachunguze.

Halafu akaanza kurekebisha. Alibadilisha kapasita, akaurudisha mkanda mwanzo, akaupitisha dakika nne tano za kwanza tu, ili asiuchoshe wote. Saba na tisa palepale. Akabadilisha ile rizista ya kurudi nyuma. Palepale. Akang'oa aisii akaweka nyingine. Palepale, saba kwa saba, tisa kwa tisa. Kosa la kelele za mkanda huhama kila usomapo. Hili halikuhama hata hatua moja. Akasema basi ni kosa la mpango, si la bahati, ndiyo maana halihami, akazidi kuchimba. Mtu hodari akiamua kukosea, anakosea kwa bidii.

Ungeuliza: kwa nini hakwenda kumwuliza mwenyewe? Kutoka kibandani kwake mpaka kwa Asma ni dakika kumi kwa mguu. Mwalimu alikuwa amelala pale, akili zake timamu. Lakini Restuta amelelewa Haneti. Mgonjwa haendewi mikono mitupu. Sukari alituma. Maziwa alituma mara mbili. Yeye mwenyewe hakwenda, kwa sababu alichotakiwa kumpelekea yule mzee hakikuwa sukari, na kwenda kukaa kwenye kiti cha wageni na kumwambia mtu anayekufa "bado, Mwalimu" aliona ni tusi. Alitaka aende siku moja, na orodha safi mkononi. Adabu kabisa. Huwezi kumlaumu, na ndiyo inayouma.

Alhamisi ya wiki ya tatu Asma alipita kutoka sokoni. Kwenye televisheni palikuwa na ukurasa mmoja wa jaribio la kumi na tatu.

"Hayo ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe, yameoza. Usimwambie mzee."

Asma alikipiga picha kile kioo kwa simu. Restuta alikataza, Asma alishapiga. Alipoondoka, Restuta akabadilisha kapasita ya mwisho aliyokuwa nayo akaupitisha mkanda mara ya kumi na nne. Senene hawakulia. Spika ilitoa pumzi tu, dakika nne na kitu, kisha ndipo mlio ukaanza, na televisheni ikaanzia katikati ya herufi ya K. Alifungua mlango wa kaseti. Hedi ilikuwa imejaa unga wa kahawia, laini kama ugoro. Alikuwa bado anautazama simu ilipoita.

"Fundi," alisema Asma, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "Baba anakuita. Njoo hivyohivyo."

Akaenda hivyohivyo, mikono mitupu, vidole vina harufu ya spiriti.

Mwalimu Yahaya alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu. Mwembamba sana, ndevu nyeupe zimechanwa vizuri. Restuta akapiga goti kidogo mlangoni ingawa mzee hakumwona.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Ndiye Mgogo aliyetuma maziwa?"

"Ndiye mimi."

"Mazuri. Ila Wagogo kwa maziwa mnaweka maji kiasi."

"Baba!" Asma alisema.

"Mwache, ni kweli," alisema Restuta. "Tunaweka tukiwapa Warangi tu."

Mzee alicheka, kikohozi kikamkatiza, Asma akamshika mgongo. Alipotulia alisema, "Msomee, Asma. Kama ulivyonisomea."

Asma akaishika simu. Amezaliwa mjini, Kirangi anakisikia nusu. Akasoma kama mtoto wa chekechea: "A-saba..."

"Hapo," alisema Mwalimu. "Mimi nimelala, nasikia mwanangu anasoma A-saba. Nikamwuliza, saba ya nini? Akaniambia, mashine ya fundi ni mbovu, inachanganya namba. Fundi, Kiswahili kina irabu ngapi?"

"Tano, Mwalimu."

"Kirangi kina saba. Kuna i mbili. Kuna u mbili. Moja nyepesi, moja inakaa hapa nyuma, nzito." Akaguna kidogo, akaitoa ile u, fupi, ya kooni. "Mashine ya Hanif ilikuwa na herufi za Kizungu tu. Nikahitaji alama mbili. Nikachukua saba kwa i na tisa kwa u. Tisa siyo tisa, fundi. Ni irabu."



"Aliponiuliza Hanif kwa nini namba hizo," mzee aliendelea, amechangamka, "nikamwambia nina mke mmoja na ng'ombe watano. Saba na tisa ningezitumia wapi?"

Asma alicheka. Restuta alikuwa anayapitia kichwani. M99NT9. Alijaribu kimyakimya kuiweka ile sauti ya kooni mahali pa tisa, mara tatu, na lile neno likasimama mbele yake zima, halina doa. Na upande wa pili wa kistari, mstari kwa mstari, siku zote, Kiswahili kilikuwa safi. MTU. NYUMBA. MVUA. Hakuna saba hata moja, hakuna tisa. Kelele haijui huku ni Kirangi na huku ni Kiswahili. Ilikuwa imeandikwa mbele ya macho yake wiki tatu.

"Kwa hiyo maneno yapo," Mwalimu alisema. Hakuuliza. Uso wake ulikuwa umelainika kabisa.

Hapo Restuta angeweza kunyamaza. Asma mwenyewe alikiri baadaye kwamba angependelea anyamaze.

"Mwalimu, yapo kuanzia katikati ya herufi ya K kwenda mbele. Ya nyuma ya hapo yamekwisha. Leo, kabla sijaja."

Asma aliishusha simu.

"Uliupitisha mara ngapi?" mzee aliuliza.

"Kumi na nne. Mara ya kwanza wote. Kumi na tatu zilizobaki, mwanzo tu."

"Na ile mara ya kwanza, yalisomeka?"

"Yalisomeka yote."

"Uliyaona."

"Niliyaona, Mwalimu. Nikayafuta. Nikayaita makosa."

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa maji, gurudumu linalia. Walilisikiliza mpaka likapotea. Mwalimu alikuwa ameugeuzia uso wake ukutani, na kwa muda Restuta alidhani ameambiwa aondoke kwa lugha hiyo. Akajiandaa kuinuka.

"Kaa," mzee alisema. "Mistari niliitia namba. Inaanza namba ngapi hiyo iliyobaki?"

"Namba sikuitazama."

"Kaisome. Mara moja tu. Halafu uje na kalamu."

Safari hii Restuta alimwita Kefa. Akamwambia alete kinasa chake. Kefa alikuja na utani umejaa mdomoni, akamwona uso wake, akaumeza. Mkanda ulipita mara moja, taratibu, ukiingia kwenye kompyuta na kwenye kinasa kwa pamoja. Orodha ilianza mstari wa mia mbili themanini na nane, na kutoka hapo mpaka mwisho haikupungua neno. Mlango ulisoma bila kosa. Ulikuwa umesoma bila kosa tangu siku ya kwanza.

Ikapungua mistari mia mbili themanini na saba. Lile daftari lenye kichwa MAKOSA lilirudisha thelathini na moja. Aliyasoma mbele ya Mwalimu, moja moja, na mzee akayarekebisha matamshi yake kama anavyorekebishwa mtoto wa darasa la kwanza, bila huruma: "Siyo hivyo. Rudia. Nzito. Rudia."

Kwa yaliyobaki, alikwenda kila asubuhi, saa tatu, baada ya uji, siku thelathini na nne. Alikaa upande wa kulia kwa sababu sikio la kushoto la mzee lilikuwa limechoka. Mwalimu alikuwa anajaribu kuwakumbuka wale vikongwe, mmoja mmoja, amekaa wapi, alikuwa anafanya nini, alitaja nini. Akimkumbuka mtu, wakati mwingine neno lilikuja nyuma yake. Kuna asubuhi yalikuja kumi na moja. Kuna asubuhi alikaa saa nzima akifungua mdomo na kuufunga, machozi yanashuka, akasema, "Lilikuwa linahusu ukungu. Ukungu wa namna fulani. Nilikuwa nalo." Restuta aliandika: ukungu wa namna fulani. Upande wa Kirangi akaacha wazi.

Yalirudi mia moja arobaini. Wiki ya mwisho mzee hakuweza tena kusema, lakini Restuta aliendelea kwenda, akamsomea orodha kuanzia mia mbili themanini na nane kwenda mbele, kwa ile u ya kooni ambayo sasa aliiweza. Mzee alikuwa anasikiliza. Restuta akikosea, kidole cha mzee kiligusa shuka. Alifariki mwezi wa tano, Ijumaa, akazikwa Kondoa siku hiyohiyo, na Restuta alikuwa kwenye gari la kwanza.

Orodha ilichapishwa steshenari moja mjini, karatasi za kawaida, jalada la plastiki. Kabla ya kuchapa, kijana wa pale alishauri wazibe mapengo na kupanga namba upya, ipendeze. Asma alikuwa tayari kukubali. Restuta alikataa. Kwa hiyo kitabu kina mistari mia moja na kumi na tano yenye namba na hakuna kitu mbele yake, na mmoja wenye maana bila neno.

Asma alipeleka nakala Kondoa, kwa ndugu na kwa shule aliyofundisha baba yake. Kila moja, kabla haijatoka nyumbani, Restuta aliifungua ukurasa wa kwanza, akaandika kwa kalamu, kwa mwandiko wake wa kulala: *Mistari hii ilipotea mikononi mwangu. Anayejua neno lolote, aliandike hapa.* Chini yake akaweka jina lake lote na namba ya simu. Mpaka leo zimepigwa simu mbili. Ya kwanza mtu alikosea namba. Ya pili alikuwa bibi mmoja wa Kolo, kulekule Kondoa, sauti ndogo, aliyesema ana neno moja tu. Restuta alimwomba alirudie mara tatu, akaandika, akiweka tisa mahali pa tisa.